Herufi K

Asubuhi ile nilipofumbua macho
dari ilikuwa imeshaondoka,
inazunguka kama pia aliyoirusha mtoto
akaenda zake kuoga.

Mimi Eliringia, fundi wa kupaua.
Miaka ishirini na sita nimetembea juu ya kenchi,
Majengo, Soweto, mpaka Uru, misumari mdomoni.
Siku hiyo kutoka kitandani hadi kwenye ndoo
nilikwenda kwa magoti.

Majirani walisema mbege.
Mbege niliiacha mwaka wa kipaimara cha mwanangu wa kwanza.
Duka la dawa likasema malaria,
la pili likasema presha.
Shangazi Ndeanasia hakusema kitu,
aliutazama tu ukuta wa jirani,
nikaelewa.

Miezi minne nikitembea kwa kushika kuta.
Ndipo nilipogundua kwamba nyumba hii,
niliyoijenga kwa mikono yangu,
haina hata ukuta mmoja ulionyooka.

Halafu Alhamisi moja, hospitali, mwisho wa korido,
chumba kilichokuwa stoo ya mashuka:
meza moja, watu wanne.
Daktari Msaki wa masikio. Kijana wa macho.
Dada Hafsa wa ushauri. Na Ndeshi, wa mazoezi ya viungo,
mfupi, raba nyeupe, kucha zimekatwa mpaka nyamani.
Wote wanne walinisikiliza kwa wakati mmoja,
jambo ambalo hata kikao cha ukoo hakijawahi kunipa.

Msaki akaniuliza kazi yangu, kisha akasema:
Fundi, una pimamaji mbili, moja kila sikio.
Kirusi kimepita kushoto, kimeharibu moja.
Ubongo ukisikia upande mmoja tu
unahukumu kwamba unazungushwa.
Vile vidonge vya kila siku akaniachisha:
vinamlaza mwanafunzi, alisema,
na mwanafunzi ni huo ubongo.

Hafsa akauliza, Unaogopa nini?
Kuanguka.
Akasubiri. Nje mtu alikuwa anasukuma toroli lenye gurudumu bovu.
Kuonekana nimeanguka, nikasema.
Hilo ndilo aliloliandika.

Ndeshi akachora K kwenye karatasi, akaibandika ukutani.
Itazame. Tikisa kichwa kama mtu anayekataa deni.
Kichwa kiende, herufi ibaki.
Herufi haikubaki.
Nikatapika kwenye beseni la bluu.
Vizuri, akasema, na hakuwa anatania.
Kesho mara tano.

Nyumbani K ikakaa kwenye mlango wa jiko.
K ya kenchi, nilimwambia Aikande.
Kwangu ni ya Kaa Chini, akajibu,
lakini jioni alikunja godoro la mtoto,
nikapanda juu, macho nimefumba,
yeye ameshika ncha ya kanga aliyonifunga kiunoni
kama ndama anayepelekwa mnadani.
Tulicheka siku ya kwanza.
Siku ya tisa hatukucheka, nililia,
na kanga haikulegea.

Nilipiga mstari wa chaki uani kwa kamba yangu ya kazi,
kisigino mbele ya kidole, kisigino mbele ya kidole.
Kamba ile ile niliyowapimia watu nyumba zao.
Kuku walipita juu ya mstari bila kufikiri.
Niliwachukia sana kuku.

Wiki ya kumi na moja mvua ilikuwa imejaza mfongo.
Ubao wa kuvukia ni mmoja, umeota ukungu pembeni.
Sikumuaga mtu.
Nilipofika katikati, sauti ikatoka migombani:
Fundi! Lini unanimalizia paa?
Nikageuka kumjibu.

Niligeuka. Kichwa kizima, mpaka begani.
Maji yalikwenda, migomba ilibaki, nami nilibaki.
Bado, nikamwambia. Bado kidogo.

Kisha nikakumbuka niko wapi,
miguu ikaanza kutetemeka,
nikavuka ng'ambo nikitetemeka.